Ukuta Usiojibiwa

Historia ya maandishi ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina matini mbili ambazo aghalabu husimuliwa mbalimbali, kana kwamba hazikukaa juu ya mlima mmoja. Ya kwanza ni Cheche, jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto lililotoka kwa mara ya kwanza Novemba 1969 na kupigwa marufuku Novemba 1970. Ya pili haikuwa jarida wala kitabu. Ni karatasi zilizobandikwa kwa siri kwenye kuta za Mlimani, zenye michoro na maneno ya kejeli, chini ya jina la kubuni la Mzee Punch. Mzee huyo alikuwapo katika miaka ya 1970, akanenepa katika miaka ya 1980, na hakuzimwa mpaka mwaka 1990, baada ya mwanafunzi mmoja wa kike kujiua. Jarida lililokuwa na majina ya wahariri wake lilivumiliwa mwaka mmoja. Karatasi zisizo na jina la mtu zilivumiliwa zaidi ya mwongo mzima.

Hesabu hiyo haijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya uhuru wa kusema vyuoni. Wanaoienzi Cheche huisimulia kama kisa cha siasa: chama, dola, ujamaa, Lenin. Wanaomkumbuka Mzee Punch humweka katika kisa cha jinsia. Masimulizi yote mawili yana ukweli wake. Lakini msomaji wa fasihi akizitazama matini hizi kwa pamoja hukutana na swali la umbo kabla hajafika kwenye maudhui: ni maandishi gani yanayoweza kujibiwa, na ni yapi yaliyotungwa ili yasijibiwe?

Mwanzo wa jambo hili uko nyuma ya Cheche. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwa na mabango, mojawapo likidai kwamba hata ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kujipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wengi wao walipokewa tena baadaye. Mengi yameandikwa kuhusu ubinafsi wa wasomi wale, na si bila haki. Hata hivyo, waliobaki Mlimani walijifunza na jambo jingine, ambalo halikuwa katika hotuba ya Rais: bango lina uso wa aliyelishika.

Waanzilishi wa Cheche hawakuwa wa kundi lile la mabango. Walikuwa upande wa pili kabisa, wakiulaumu usomi wa aina ile na kutaka ujamaa wa Azimio la Arusha uchukuliwe kwa maana yake yote. Jarida lilitolewa na USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Kiafrika ulioundwa mwaka 1967 na ambao mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, kwa kushirikiana na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU chuoni. Wahariri wake, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, hawakujificha. Jina la Meghji linastahili kutiliwa mstari hapa, kwa sababu litakumbukwa tutakapofika ukutani: mwaka 1970 mwanafunzi wa kike alikuwa mhariri wa jarida kali kuliko yote Mlimani, na hoja zake zilipingwa au kukubaliwa kama hoja. Miaka mingi baadaye angekuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania.

Cheche ilikuwa na dosari zake. Kubwa ni lugha: jina lilikuwa la Kiswahili na mwili wote ulikuwa wa Kiingereza, katika nchi ambayo mkulima na mfanyakazi waliotetewa ndani ya kurasa zile wasingeweza kuzisoma. Lugha ya nadharia nayo mara kwa mara ilikuwa nzito kuliko mzigo iliyoubeba. Pamoja na hayo, jarida hili lilikuwa na sifa moja ambayo wapinzani wake hawakuitazama. Mwaka 1970 lilitoa toleo maalumu lenye insha ndefu ya Issa Shivji, The Silent Class Struggle, iliyohoji kama kutaifisha mabenki na makampuni kulikuwa kumewapa wananchi mamlaka ya uchumi au kumezaa tabaka jipya la watawala. Insha ilikuwa kali. Lakini kinachostahili kutazamwa ni kilichoifuata. Walter Rodney, John Saul na Tamás Szentes waliandika kuijadili, wakiongeza na kupinga, na mwaka 1973 Tanzania Publishing House ikaichapisha pamoja na majibu hayo ndani ya jalada moja. Ukali wake ulikuwa mwaliko, na walioalikwa walikuja.

Sababu iliyotolewa ya kulifunga jarida ilihusu jina lake. Ilidaiwa kwamba Cheche ni mwangwi wa Iskra, gazeti la Lenin, na kwamba lingewafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. (Wahariri wenyewe hawakuficha kwamba walimkumbuka Lenin, na Nkrumah pia; lakini kwamba Waswahili walikuwa wakiona cheche zikiruka jikoni kabla Lenin hajazaliwa, hilo halikuwasaidia kitu.) USARF nayo ilifungwa. Jarida lililofuata likaitwa MajiMaji, jina la vita vya 1905 hadi 1907, ambalo hakuna aliyeweza kulishuku. Kwa mhakiki, uamuzi ule ni usomaji, na ni usomaji mbovu: mamlaka ilisoma jalada, ikaogopa etimolojia, na kuziacha hoja mia bila kuzijibu.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya barua. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa baada ya kuandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, kulalamikia jinsi chuo kilivyoendeshwa. Askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia walimchukua chuoni, na wenzake wakasusia madarasa. Akivaga alirudishwa hatimaye, lakini picha ya askari ilibaki. Barua ya wazi ni utanzu wa adabu kubwa kuliko unavyodhaniwa: ina anwani, ina sahihi, na kwa umbo lake inaomba kujibiwa. Kisha Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya viongozi na wabunge, na mamia wakafukuzwa. Jumuiya yao ya kujitegemea ilitoweka, na mahali pake pakaja MUWATA iliyokuwa chini ya chama tawala.

Bango, jarida, barua, maandamano: kila umbo la usemi lililokuwa na uso na jina lilipata adhabu yake. Mzee Punch anapaswa kusomwa katika mfululizo huo, ingawa hakuna anayependa kumweka humo. Jina lake linakumbusha Punch, jarida la dhihaka la London lililoanza mwaka 1841, na inasimuliwa kwamba mwanzoni kejeli zake ziliwafikia wakubwa pamoja na wadogo. Hilo likikubaliwa, kuficha jina kulikuwa na utetezi. Palipokuwa na askari wa kumchukua aliyetia sahihi, asiyetia sahihi hakuwa mwoga bali mwerevu. Fasihi ya watu wanyonge imejaa ujanja huo, tangu sungura wa hadithi hadi fumbo la mshairi aliyekuwa kifungoni.

Tatizo ni kwamba kinga hii, iliyotengenezwa kwa ajili ya kumsema mwenye nguvu, haikumbana mwenye kuitumia amseme mwenye nguvu. Kufikia miaka ya 1980 wanafunzi wa kike, waliokuwa wachache sana Mlimani, ndio waliokuwa windo kuu. Aliyemkataa mwanamume aliandikwa. Aliyefanya vizuri darasani aliandikwa pia, maana kufaulu kwake kulitafutiwa sababu nje ya akili yake. Zaidi ya hayo, karatasi ilikuja na sharti lisiloandikwa lakini lililojulikana na wote: atakayeonekana na aliyeandikwa, akila naye au akitembea naye, ataandikwa yeye. Sharti hilo ndilo kiini cha utanzu wenyewe. Michoro na matusi vilikuwa pambo tu. Kazi yenyewe ilikuwa kumwondolea mtu mmoja watu wote ambao angeweza kusema nao.

Kuna hoja inayosikika, hasa kwa wale wanaozikumbuka siku za mabweni kwa kicheko, kwamba Mzee Punch alikuwa mjukuu halali wa utamaduni wa Waswahili: wa malumbano, wa kanga, wa mipasho ya taarabu. Watu wa Pwani, hoja hiyo husema, wamesemana tangu zamani, na aliyeguswa alijua kuvumilia au kurudisha. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hoja hii ina mvuto kwa sababu inaonekana kuulinda utamaduni dhidi ya unyetinyeti wa kisasa. Lakini ukiitazama kwa karibu, inautukana utamaduni unaodai kuulinda.

Tuanze na malumbano. Mwanzoni mwa karne ya 19 washairi wa Lamu, Pate na Mombasa walirushiana beti kuhusu uhasama ulioishia katika vita vya Kuduhu, ufukweni Shela. Beti hizo zilikusanywa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kitabu kilichotoka Michigan mwaka 1995, na msomaji anayekifungua hukuta matusi yaliyovikwa joho, vitisho, na dharau ya mji kwa mji. Hakuna aliyehurumiwa. Hata hivyo Muyaka bin Haji aliposema kwa niaba ya Mombasa, Lamu ilijua nani amesema, na Lamu ilijibu. Jibu lilitakiwa lishike bahari ileile, wakati mwingine hata vina vilevile, hivi kwamba sheria ya utunzi yenyewe ilihifadhi nafasi ya mpinzani. Mshairi alikuwa akimwandikia adui yake nusu ya shairi. Mila hiyo iliendelea katika kurasa za ushairi za magazeti ya karne ya 20, na chama cha washairi wa Tanzania kikajiita UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ambacho jina lake Mathias Mnyampala alilipeleka hadi kwenye jalada la ngonjera zake. Ni kinaya cha kusikitisha kwamba katika miongo ileile nchi ilikuwa na UKUTA mmoja ambamo mtu alijibiwa kwa vina, na kuta nyingine ambazo asubuhi zilimkuta mtu hana la kusema.

Kanga nayo husema kwa fumbo, na mlengwa hatajwi. Lakini anayeivaa yupo ndani yake. Huipitisha mlangoni kwa miguu yake mwenyewe, na jirani aliyechomwa ana duka lilelile la kununulia jibu. Katika taarabu anayetunzwa kwa wimbo wa kijembe huinuka mbele ya hadhira nzima kutoa tuzo yake, na kwa kuinuka huko ndiko anakotia sahihi.

Mfano mzito zaidi ni Siti binti Saad. Mwanamke huyu wa Unguja, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928 na kusambaa pwani nzima, aliimba pia kuhusu kesi na dhuluma za mji wake. Wimbo wake unaojulikana kwa jina la Kijiti ulihusu mwanamke mgeni aliyeuawa na mwanamume wa jina hilo, na mahakama iliyowaadhibu mashahidi huku muuaji akiwa ametoroka. Siti alitaja jina, tena bila kigugumizi. Lakini alilitaja jina la muuaji. Aliyeuawa alimwimbia kwa huruma, na yeye mwenyewe alisimama mbele ya watu, akijulikana ni nani na anaishi wapi. Anayetaka kumtafutia Mzee Punch nasaba katika taarabu hana budi kueleza kwa nini mjukuu aligeuza kila kitu alichofanya bibi: akalificha jina la msemaji, akalitangaza jina la mwathirika, na mkosaji akamwacha acheke na umati.

Mwanafunzi aliyefariki Februari 1990 alikuwa ameandamwa kwa miezi kadhaa baada ya kukataa kutongozwa. Jina lake linajulikana na limo katika maandishi mengi. Hapa litaachwa lipumzike, kwa kuwa limeandikwa vya kutosha na watu ambao hakuwapa ruhusa. Waliojibu kwa niaba yake hawakuwa chuo. Walikuwa wanahabari wanawake wa TAMWA, chama kilichoundwa mwaka 1987, ambao walilitoa jambo hilo mabwenini na kulipeleka mbele ya umma kwa majina yao wenyewe. Jarida la chama hicho liliitwa Sauti ya Siti. Hiyo si bahati ya maneno tu, kwa sababu walioliita hivyo walijua wanarithi nini.

Ndipo Mzee Punch akapigwa marufuku, kwa neno lilelile lililotumika kwa Cheche miaka 20 nyuma. Miezi michache baadaye, Mei 1990, chuo chenyewe kilifungwa katika mgogoro mwingine kati ya wanafunzi na serikali, kikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Ni rahisi kusema kwamba marufuku ya kwanza ilikuwa kosa na ya pili ilikuwa haki iliyochelewa. Ugumu ni kwamba mamlaka haikuwahi kuonyesha kwamba inajua tofauti kati ya hizo mbili. Kwayo zote zilikuwa fujo, na fujo hupimwa kwa kiasi cha usumbufu zinaomletea mtawala. Kwa kipimo hicho Cheche ilisumbua siku ya kwanza. Mzee Punch hakusumbua mtu mwenye ofisi mpaka palipokuwa na maiti. Zaidi ya hapo, sera hizo mbili zilisaidiana: kila sahihi iliyoadhibiwa ilikuwa tangazo la faida za karatasi isiyo na sahihi.

Wasomaji wa Kiswahili walio Uingereza na Marekani wana sababu ya kukisoma kisa hiki leo, kwani wako ndani ya mijadala inayofanana nacho nusu kwa nusu. Kamati ya Chuo Kikuu cha Chicago ilitoa mwaka 2015 tamko ambalo vyuo vingi vimeliiga, likisisitiza kwamba fikra isizuiwe kwa sababu tu baadhi ya watu wanaiona ya kuchukiza. Bunge la Uingereza likapitisha mwaka 2023 sheria ya uhuru wa kusema katika elimu ya juu. Maandiko yote mawili yangeilinda Cheche, na hilo si dogo. Yote mawili pia hayakusudii kulinda vitisho wala unyanyasaji. Lakini pande zinazogombana juu yake huuliza zaidi maneno yanaumiza kiasi gani, mmoja akisema yanaumiza mno na mwingine akisema binadamu avumilie. Mizani ya maumivu haina mwisho, maana kila mtu huja na jiwe lake. Wakati huohuo Yik Yak, programu ya simu iliyowapa wanafunzi wa Marekani ubao wa kuandikana bila majina kati ya 2013 na 2017, iliurudisha ukuta wa Mlimani katika mfuko wa kila mmoja, na vyuo vingi havikujua viuweke katika kifungu gani.

Ushairi wa Waswahili unatoa kipimo kingine, nacho ni jibu. Usemi mkali ambao unamwacha aliyesemwa na ulimi wake, na hadhira ya kumsikia, na mtu wa kumjibu, ni malumbano, hata ukichoma. Usemi unaomnyang'anya hivyo vitatu ni kitu kingine, hata ukiwa na vina na ucheshi. Kipimo hiki hakiwapendelei wakubwa. Chuo kinachomwita askari dhidi ya barua ya wazi kinafanya lilelile alilofanya Mzee Punch, kwa vifaa bora zaidi.

Kwamba Mlimani palikuwa na njia nyingine ya kuandika kuhusu wanawake, ushahidi upo. Mwaka 1982, Mzee Punch akiwa katika nguvu zake, Penina Muhando, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa chuo hichohicho, alichapisha Nguzo Mama, tamthilia ya wanawake wa kijiji cha Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo inayowashinda. Tamthilia hiyo haiwapambi. Wanagombana, wanasutana, wengine wana udhaifu ambao karatasi ya ukutani ingeufurahia. Lakini jukwaani anayesutwa yupo, ana zamu yake, na mtazamaji hawezi kumcheka bila kumsikiliza kwanza. Wahakiki wameijadili kazi hiyo kama tamthilia ya ukombozi wa mwanamke kwa jumla, na kijiji cha Patata kimesomwa kama Tanzania nzima. Huenda kilikuwa karibu zaidi ya hapo.

Utafiti wa jambo hili una kikwazo ambacho ni sehemu ya jambo lenyewe. Cheche inaweza kusomwa. Mwaka 2010 Karim Hirji alihariri kitabu cha kumbukumbu zake, kilichochapishwa na Mkuki na Nyota, na waliokuwa vijana wa 1970, sasa wenye mvi, wakarudi kukiri walipokosea na kushikilia walipoona hawakukosea, kila mmoja chini ya jina lake. Karatasi za Mzee Punch zilibanduliwa. Zinajulikana kupitia kumbukumbu za wale walioandikwa, ambao wamelazimika kuwa makavazi ya matusi yao wenyewe. Waliozibandika walimaliza masomo, wakavaa majoho, wakaitwa majina yao kamili siku ya mahafali, wakaenda makazini.